Koa mdogo wa kijani kutoka Jambiani, sasa yuko kwenye kichupa Iringa: naomba tusaidiane kumtambua

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na ninaomba msaada wa kumtambua kiumbe ambaye amenishinda kwa wiki 2 sasa.

Wakati wa likizo nilikwenda Jambiani, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Asubuhi moja maji yalipokupwa nilifuatana naye hadi kwenye shamba lake la mwani, ambalo kwa sisi tuliokulia kwenye mahindi na viazi ni shamba la ajabu kidogo: vigingi vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa baina yake, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba hizo kwa vijikamba viitwavyo tai-tai. Yeye alikuwa akinyofoa takataka za kijani zilizojishikiza kwenye mwani wake na kuzitupa, nami nikawa nazichambua kabla hazijachukuliwa na maji. Ndipo nikaona jani moja linatembea.

Alikuwa mnyama laini asiye na gamba, mwenye urefu wa milimita 12 kwa rula, rangi yake kijani cha mchicha, na mwili mzima umenyunyiziwa vidoa vidogo vyeupe na vyeusi. Mgongoni alikuwa na mikunjo 2 ya nyama ambayo aliilaza mmoja juu ya mwingine, mfano wa mtu aliyejitanda kanga, na ukingo wa mikunjo hiyo ulikuwa na mstari wa rangi ya chungwa uliopakana na mstari mweusi mwembamba sana. Kichwani alikuwa na papasi 2, yaani vipembe laini vya kupapasia. Baada ya dakika chache nilimpata mwenzake. Nilipiga picha 4 wakiwa kwenye sahani nyeupe yenye maji ya bahari, kisha, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine, nikawatia wote kwenye kichupa cha spiriti niliyoinunua duka la dawa.

Kichupa kilisafiri ndani ya soksi na kikapanda Kitonga pamoja na kona zake zote bila kuvuja. Nilipoifungua soksi nyumbani, spiriti ambayo haikuwa na rangi yoyote ilikuwa imegeuka kijani, na wanyama wenyewe wamepauka kama ugali, wala ule mstari wa chungwa hauonekani tena. Nina maswali mawili. Huyu ni nani? Na je, anakula mwani wa dada yangu? Darasani kwangu tayari pana kambi 3: wapo wanaosema ni jongoo bahari, wapo wanaosema ni ruba, na yupo mmoja anayeshikilia kwamba ni mmea.

Mpita Njia wa Makambako

Mwalimu, suala hili ni jepesi. Nimeipitisha picha yako ya pili kwenye utafutaji wa picha mtandaoni na jibu limekuja mara moja: anaitwa Elysia chlorotica, koa wa baharini anayeishi kwa mwanga wa jua kama mmea. Yule mwanafunzi wako anayesema ni mmea basi hajakosea sana.

Mzee wa Ilula

Sisi wakulima wa nyanya tunaomba kuuliza kwa unyenyekevu: kwani jongoo bahari na koa wa baharini si kitu kimoja?

Mama Tukuyu

Mwalimu, pole na safari. Niliwahi kusoma sayansi ya bahari Dar es Salaam kabla maisha hayajanirudisha kwenye migomba na chai, kwa hiyo mada hii imeniamsha.

Nianze na Mzee wa Ilula, shikamoo. Si kitu kimoja hata kidogo. Jongoo bahari ni ndugu wa kiti cha pwani, hana kichwa wala papasi za namna hii, na huyu wa Mwalimu ni moluska, yaani ukoo wa konokono, ila gamba amelipoteza. Ruba naye ni ukoo wa minyoo.

Mdogo wangu wa Makambako, usinielewe vibaya, lakini jibu lako lina tatizo ambalo lingeonekana kabla hata ya kumwangalia mnyama. Elysia chlorotica anaishi pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kwenye madimbwi ya chumvi na vinamasi vya kule, na chakula chake ni mwani uitwao Vaucheria litorea. Amekuwa maarufu kwa sababu anaweza kukaa miezi mingi bila kula, na umaarufu huo ndio umejaza picha zake mtandaoni, hata kila koa wa kijani apatikanaye duniani anapachikwa jina lake. Ni kama yule mgeni anayedhani kila mtu wa Mbeya ni Mnyakyusa. Jenasi, yaani jina la kwanza, huenda umeipata, na hilo si dogo, lakini jina la pili linahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni mahali alipookotwa.

Sasa kwako Mwalimu. Spiriti yako imekwisha kukujibu nusu ya swali, na inashangaza kwamba wewe ndiye hukuisikia. Si kila mwaka unawafundisha vijana jaribio la wanga, mnachemsha jani kwenye spiriti hadi linapauka na spiriti inakuwa kijani? Kilichotoka kwenye jani ni umbijani. Kilichotoka kwa koa wako, kwa dhana yangu, ni kitu hicho hicho. Yapo makoa ya baharini ya rangi za kila namna, na mengi yanayopendwa na wapiga picha ni walaji wa nyama, yanakula sponji na viumbe vingine vilivyoganda mwambani, na yana shada la mashavu ya kupumulia lililo wazi mgongoni au vinyama vilivyosimama kama miiba laini. Lakini lipo kundi lingine, wanasayansi wanaliita Sakoglosa, ambalo karibu lote linanyonya utomvu wa mwani. Wengi wa kundi hili ni wa kijani kwa sababu chakula chao ni cha kijani na hawakimeng'enyi chote.

Naomba uniangalizie mambo 2 kwenye picha za awali, si kwenye kichupa, maana kichupa kimeshafuta rangi. La kwanza, papasi zake zimejaa ndani kama kijiti, au zimeviringika na kuacha mfereji upande mmoja, kama jani changa la mgomba kabla halijafunguka? La pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote: ile takataka ya kijani uliyomkuta juu yake ilikuwa takataka ya aina gani? Usiniambie "mwani". Niambie ilivyoonekana.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Mama, nimeona aibu ya jaribio la wanga, na nimestahili.

Nimekuza picha ya kwanza. Papasi ya kulia, iliyoelekea kwenye mwanga, inaonyesha wazi ufa wa urefu wote. Imeviringika kama ulivyosema. Kuhusu takataka, nilikuwa nimeikata pembeni mwa picha kwa kuona haina maana. Nimeirudisha na kuiweka hapa. Ni vishada vya kijani kibichi kilichokolea, urefu wa kama kidole gumba, kila kimoja na uti wa katikati na nyuzi nyembamba zilizopangika pande mbili kama unyoya wa kuku. Nilipokiminya kimoja kwa kucha kilitoa maji ya kijani na kulegea chote mara moja, si pale nilipominya peke yake.

Mama Tukuyu

Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Kwa maelezo hayo, na kwa picha, hiyo ni mwani uitwao Bryopsis, na kule kulegea kote ndiko kunakonifanya niseme kwa ujasiri. Mwani wa namna hiyo hauna kuta za ndani zinazotenga seli moja na nyingine. Kishada chote ni kama mrija mmoja mrefu wenye matawi, umejaa utomvu na kloroplasti, zile chembe za kijani ambazo mmea hutumia kutengeneza chakula kwa mwanga. Ukiutoboa mahali pamoja, unavuja. Sakoglosa wameumbika kwa ajili ya mlo huo: wana safu moja tu ya meno, na jino la mbele hutumika kama kisu cha kutoboa, kisha koo linavuta. Anayekula Bryopsis mara nyingi humkuti kwenye mwani mwingine. Wengine wamefungamana na Caulerpa, wengine na Halimeda, ule mwani mgumu wa vipande vipande kama sarafu, na kwa hiyo mtafiti anayewatafuta hatafuti koa, anatafuta mwani kwanza na kuusuuza kwenye ndoo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba dada yako alale usingizi. Mwani unaolimwa Jambiani, spinosamu hasa, ni wa kundi la mwani mwekundu, hata kama shambani unaonekana wa kahawia au hata kijani, maana rangi ya macho si rangi ya ukoo. Ulianza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Koa wako alikuwa juu ya gugu lililoota kwenye mwani huo, sawa na kiwavi wa mbaazi kumkuta shambani kwa mahindi. Mlaji wa kweli wa mwani wa dada yako mwenyewe atakutajia: samaki tafi.

Mvuvi wa Matema

Ugonile Mama. Huku ziwani kwetu Matema yapo mawe yaliyoota ukungu wa kijani, na usiku tukimulika tunaona vidudu vinaulamba. Je, hao wa kwenu wanaweza kuwa huku pia?

Mama Tukuyu

Ndaga fijo mjomba. Hapana, Sakoglosa ni wa maji ya chumvi, na wachache wao tu huvumilia maji ya mseto. Hao wako wakiwa na gamba mgongoni ni konokono wa maji baridi. Na mchana ukitazama mawe hayo hayo utaona samaki mbuna wanayakwangua kwa midomo. Ziwa Nyasa lina walaji mwani wake wa kutosha.

Sokomatola

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, na ningependa turudi kwenye jambo ambalo Makambako alilisema na likapitwa. Mimi nafundisha tuisheni hapa Mbeya, na kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba yupo mnyama mmoja anayejitengenezea chakula kwa usanisinuru. Je, niendelee kusema hivyo au niache?

Mama Tukuyu

Ningekuomba uipunguze chumvi.

Jambo lenyewe ni la kweli kwa sehemu. Mwaka 1965 Wajapani wawili, Kawaguti na Yamasu, walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba chembe za kijani ndani ya mwili wa Elysia atroviridis ni kloroplasti za mwani alioula. Koa hazimeng'enyi zote. Nyingine anazihifadhi ndani ya seli za matawi ya utumbo wake, ambayo yametanda hadi kwenye ile mikunjo ya mgongoni, na kwa spishi kadhaa kloroplasti hizo huendelea kufanya kazi kwa siku, wiki au miezi. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza unaposema anaishi kwa kazi hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwanyima chakula Elysia timida na Plakobranchus ocellatus, huyu wa pili akiwa pia wa Bahari ya Hindi, na kuwaweka wengine kwenye mwanga na wengine gizani. Waliokaa gizani hawakufa mapema kuliko wa kwenye mwanga, na wote walipungua. Ukisoma hayo unaanza kuziona kloroplasti kama ghala la chakula linaloliwa polepole zaidi kuliko jiko linalowaka. Wapo wasiokubali kwamba ghala linaeleza kila kitu, hasa kwa Elysia chlorotica. Ilidaiwa pia mwaka 2008 kwamba huyo chlorotica ameingiza jeni ya mwani kwenye jeni zake mwenyewe, lakini mwaka 2013 wengine walipochunguza mayai yake hawakuikuta. Kwa hiyo waambie wanafunzi kwamba anaiba viwanda vya mmea na kuvitunza. Hilo peke yake linatosha kuwatoa usingizini mchana wa saa nane.

Mpita Njia wa Makambako

Nimekubali kusahihishwa, na nimejifunza. Ila naomba nitetee kidogo utafutaji wa picha: jenasi uliipata. Sasa kama si chlorotica, jina lake la pili ni nani? Tusiishie njiani.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kabla ya jina, naleta taarifa ya maabara. Niliona vibaya kuandika kwenye daftari la darasa "Sakoglosa" kwa sababu tu spiriti ni ya kijani na papasi zimeviringika, wakati hadubini ipo kabatini. Nikaamua kumtoa mhanga mmoja kati ya wale 2.

Nilimkata kichwa kwa wembe, nikakiweka kwenye kioo cha saa chenye myeyuko wa sodiamu haidroksaidi tunayotumia kwa titresheni, nikaufanya mkali zaidi ya kawaida, na kukiacha usiku kucha kimefunikwa. Asubuhi nyama yote ilikuwa imeyeyuka na kubaki ute mwembamba. Nilisuuza kwa maji kwa kutumia bomba la sindano, mara 3, kwa hofu kwamba nitamwaga nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu kwa macho hapakuwa na kitu chochote cha kuonekana. Kwenye lenzi ya kukuza mara 100 niliona kitu kama unywele uliojikunja. Kwenye 400 ule unywele ukawa meno: safu moja, jino nyuma ya jino, kila moja lina umbo la kisu kilichopinda kidogo, yote yakielekea upande mmoja kama samaki waliotungwa kwenye ugwe. Pembeni yake palikuwa na rundo la meno mengine yaliyokaa ovyo, madogo kuliko ya kwenye safu. Wanafunzi 43 walipita kuangalia mmoja mmoja, na yule wa kambi ya mmea alirudi mara 2.

Lile rundo ni nini? Nimevunja kitu?

Mama Tukuyu

Hukuvunja kitu, Mwalimu, umefanya kazi safi. Hilo rundo ndilo lililolipa kundi jina. Sakoglosa maana yake ni ulimi wenye mfuko: jino la mbele likichakaa halitupwi nje kama kwa konokono wengine, bali linashuka kwenye kijifuko na kubaki humo. Yale madogo ni ya utotoni mwake, alipokuwa mdogo na meno yake yakiwa madogo. Umeona historia ya mlo wake tangu alipoanza kula. Mlaji sponji angekuonyesha meno mengi kwa kila safu, kama msasa. Sasa hata mimi nimetoka kwenye dhana, ni Sakoglosa kwa uhakika.

Kuhusu jina la pili. Mnyama wa kijani kinachopenyeza mwanga, vidoa vyeupe na vyeusi, ukingo wa chungwa wenye mstari mweusi, juu ya Bryopsis, Bahari ya Hindi: kwa miaka mingi angeitwa Elysia ornata bila kusita, na hadi leo picha nyingi zina jina hilo. Tatizo ni kwamba ornata alielezwa kwanza kutoka upande wa Karibi, na wa kwetu siku hizi huwekwa chini ya Elysia marginata. Lakini hata hilo si jina la kutulia nalo. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa jeni na maumbile uliochukua majina 3 ya makoa wa aina hii na kukuta ndani yake spishi 20 zinazoweza kusimama zenyewe. Majina 3, spishi 20! Zinatofautiana kwa mambo kama mpangilio wa mishipa ya mgongoni na mayai, mambo ambayo picha 4 za simu haziwezi kuyatoa, wala meno peke yake hayatoshi.

Kwa hiyo, ndugu wa Makambako, tutaishia njiani, kwa sababu njia yenyewe imeishia hapo. Ningeandika: Elysia, kundi la marginata. Anayetaka zaidi atahitaji kuchunguza jeni, na kwa hilo spiriti ya dukani ni dhaifu kidogo. Mbakize huyo wa pili kwenye alikoholi ya asilimia 95, badilisha mara 2 hadi isigeuke kijani, na umweke mahali pa baridi. Iringa mwezi wa Juni kabati lolote litafaa.

Na kwa kuwa mmekaa nami hadi hapa, niwape zawadi. Mwaka 2021 ilichapishwa kutoka Japani kwamba makoa wa kundi hili hili hukata vichwa vyao wenyewe. Kichwa kinajitenga na mwili, moyo ukibaki upande wa mwili, kinatambaa na kuanza kula mwani, na kwa takriban wiki 3 kinaota mwili mpya mzima.

Mzee wa Ilula

Marahaba Mama. Kwa hiyo Mwalimu alipokikata kile kichwa kwa wembe…

Mama Tukuyu

Alikuwa ameshakaa kwenye spiriti wiki 2, Mzee wangu. Asingeota hata unyoya.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Nashukuruni nyote. Alikoholi nimeipata kwa jirani wa maabara nyingine, nimebadilisha mara 2, na jana ilibaki nyeupe. Kibandiko cha kichupa nimekiandika kwa penseli ili kisifutike: "Elysia, kundi la marginata. Mm 12. Jambiani, Unguja, shambani kwa mwani, maji yamekupwa. Juu ya Bryopsis. Hai: kijani, vidoa vyeupe na vyeusi, ukingo wa chungwa na mstari mweusi." Ndani ya kichupa kile kile nimetia uzi mmoja wa Bryopsis uliokuwa umekauka kwenye soksi. Slaidi ya meno nimeiziba pembeni kwa rangi ya kucha.

Dada yangu nimempigia na kumweleza kwamba zile takataka anazozinyofoa ndizo nyumba ya mnyama huyu, na kwamba yeye hadhuru mwani wake. Amefurahi kusikia hivyo, ila amesema ataendelea kuzinyofoa, na likizo ijayo nikija nitangulie na ndoo yangu mwenyewe.